Re: Magemu ya kununua kwenye Linux, kuna maisha kweli?
Mkuu, umeuliza kama kuna kampuni zitakuja kutengeneza magemu ya kuuza kwa ajili ya Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows ila wa bure) au tubaki tu na Windows. Hiyo njia kampuni ya Loki walishaijaribu tangu 1998, walikuwa wanachukua gemu la Windows wanalihamishia Linux moja moja, wateja wakawa wachache wakafulia, Januari 2002 wakafunga. Kilichogeuza mambo ni Proton, programu ya Valve (wenye duka la magemu la Steam), 2018, inalidanganya gemu lidhani liko Windows, maagizo ya kuchora picha ya DirectX (ya Windows) yanageuzwa kuwa ya Vulkan (inayokubali Linux) na studio iliyotengeneza gemu haigusi kitu. Ndo maana Steam Deck, mashine ya Valve ya kuchezea magemu mkononi, ilitoka 2022 na Linux ndani na wengi wanacheza wala hawajui.

Mi nna Mint (aina mojawapo ya Linux) kwenye laptop, niliingia setingi za Steam nikatiki Proton kwa magemu yote basi, mara ya kwanza gemu linakaa hapo linaandaa sheda (vijiprogramu vya kuchora picha za gemu), usipaniki. Shida ni antichiti, programu za kuzuia wachezaji kuchiti, magemu mengine ya mtandaoni yanaikataa Linux kwa sababu yake. Fortnite na Valorant sahau, gemu la Apex lilikuwa linakubali Linux wakaifungia 2024. Kama unacheza peke yako hama hata leo, ila kama ni Fortnite na washkaji usiifute Windows kwanza.