Shimo la nguzo ya umeme ya mita 9
Ndugu unayeuliza kama kina cha mita moja kinatosha: chimba mita 1.5, mita moja haitoshi. Kanuni ya mafundi ni asilimia 10 ya urefu wa nguzo, kisha unajumlisha sentimita 60. Nimesimika nyingi mashambani, na zilizoinama mara nyingi udongo wake ulirudishwa wote kwa mkupuo. Rudisha kidogo kidogo. Kila sentimita 15 hivi shindilia, tena kwa nguvu, mpaka mtaimbo ukigonga udunde badala ya kuzama. Kwenye kichanga au tope ongeza kina. Na pale waya unapoishia au kukata kona, nguzo ifungiwe waya wa kuishikilia upande wa pili. Kuunganisha kwenye laini usiguse, waachie shirika la umeme.