Jibu: Kwa nini Tetsuo inatisha licha ya bajeti ndogo

Ndugu, umeuliza kwa nini Tetsuo, filamu ya kutisha ya Kijapani ya mwongozaji Shinya Tsukamoto, ya mwaka 1989, imekuganda kichwani kuliko filamu za mabilioni. Rudia pale mhusika mkuu anaponyoa ndevu: shavuni kimechomoza kichuma chembamba, anakigusa, damu inaruka. Hakuna kompyuta hapo. Kitu kipo kweli mbele ya kamera, na jicho linakiamini.

Zile mbio za barabarani ndizo tamu zaidi. Mwigizaji anatulia, inapigwa fremu (picha moja tuli ya filamu) moja au mbili, anasogea kidogo, inapigwa tena. Sekunde 1 inakula fremu 24, kwa hiyo ukipiga fremu mbili kwa kila mkao unahitaji mikao 12. Akisogea kupita kiasi mwendo unarukaruka, na mruko huo ndio unaotia hofu: mwili unaonekana kama unaendeshwa na mashine.

Imepigwa kwa mkanda wa milimita 16, nyeusi na nyeupe, hivyo damu na oili hazitofautiki.

Kwenye TV ya kisasa, zima kabisa kile kipengele cha kulainisha mwendo. Kinabuni fremu za katikati na kuiua kazi yote. Muziki wa Chu Ishikawa usikilize kwa sauti ya juu. Ni dakika 67 tu.