Jibu: Jaji wa kwanza wa shirikisho kung'olewa Marekani

Mkuu, umeuliza kama enzi za mwanzo za Marekani jaji wa shirikisho (wa serikali kuu) aliwahi kung'olewa kazini. Ndiyo, John Pickering, aliyeteuliwa na Rais George Washington mwaka 1795 kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho ya wilaya, jimbo la New Hampshire. Kabla ya hapo alikuwa jaji mkuu wa jimbo hilo, mtu wa heshima zake. Kilichommaliza ni kesi ya meli Eliza, iliyokamatwa na forodha: aliamuru irudishwe kwa mwenyewe, mashahidi wa serikali hata hakuwasikiliza, na alishtakiwa kuwa mahakamani kwake alikuja amelewa. Mwanawe akaiandikia Seneti, baraza la juu la Bunge lililosikiliza mashtaka yake, kwamba mzee amerukwa na akili. Haikusaidia, Machi 1804 maseneta walimtia hatiani, kura 19 kwa 7, wakamng'oa. Kwangu mimi yule alikuwa mgonjwa, si mhalifu, ila Katiba haikuwa na mlango mwingine wa kumtolea.