Wasomaji Wanauliza: Stynes ni yule aliyeharibu au yule wa tuzo?

SWALI: Kaka mhariri habari za kazi. Mi na mwenzangu tunabishana wiki ya pili sasa juu ya Jim Stynes, yule aliyecheza ule mpira wa Australia wa kushika na mikono. Mwenzangu anasema ndo aliyeikosesha klabu ya Melbourne fainali ya 1987, mi nasema mtu aliyebeba tuzo kubwa ya mchezaji bora hawezi kuwa huyohuyo. Tusaidie.

JIBU: Mmebishana bure ndugu yangu, ni huyohuyo mmoja.

Jamaa alikuwa kijana wa Dublin, anacheza mpira wa Kigaeli wa kwao Ayalandi, akaona tangazo la Melbourne wanatafuta vijana kule, basi akapanda ndege 1984 kwenda kujifunza mpira wenye umbo la yai. Msimu wake wa kwanza na timu kubwa ni huohuo 1987. Sasa angalia balaa lenyewe. Ni mechi ya kuingia fainali, dhidi ya Hawthorn, uwanja wa Waverley, Melbourne hawajaonja hatua hizo toka 1964. King'ora cha kumaliza mechi kimeshalia, wanaongoza 78 kwa 74, kimebaki kitu kimoja tu, Gary Buckenara wa Hawthorn apige faulo yake, na yuko mbali kweli, yaani pale hata mimi ningeshaanza kushangilia. Stynes, miaka 21, anakimbilia mtu wake wa kukaba na kukatiza palepale mbele ya mpigaji, kitu ambacho sheria inakataza. Refa akamsogeza Buckenara mita 15 mbele. Akapiga, ikapita katikati ya nguzo, pointi 6, ikawa 80 kwa 78, kwisha habari. (Mwaka uliofuata adhabu hiyo ikapandishwa hadi mita 50, sijui angejisikiaje.)

Wengi tungerudi kwetu kimyakimya. Yeye akaendelea kucheza, na alicheza hasa, mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja mpaka 1998, rekodi hiyo, na huu mchezo ni wa kugongana mabega na magoti kila dakika, tena yeye kazi yake ilikuwa kuruka kugombania mpira refa anapoudundisha katikati. Jumla alicheza mechi 264. Tuzo unayoisema ni medali ya Brownlow, kura wanapiga marefa wenyewe, akaichukua 1991, na ndo mzaliwa wa Ayalandi wa kwanza kuivaa.

Mi lakini kinachonigusa ni baada ya viatu kutundikwa. 2008 klabu ina madeni hadi shingoni, akakubali kuwa mwenyekiti, mwaka uliofuata akaambiwa ana kansa, bado akawa anahudhuria vikao na michango ya kulipa madeni huku anatibiwa. Alifariki Machi 2012, miaka 45 tu, na jimbo la Victoria likamfanyia mazishi ya kiserikali mjini Melbourne.