Maswali Yenu ya Kikapu: Mechi 88 Bila Kufungwa, Kweli Au Kamba?

SWALI: Kaka habari za kazi, mimi huwa nacheza kikapu Jumamosi pale Donbosco Upanga. Juzi baada ya mazoezi kuna mzee katuambia eti zamani kabla ya NBA, ile ligi kubwa ya kikapu Marekani, kulikuwa na timu ya watu weusi Marekani ilishinda mechi 88 mfululizo ndani ya msimu mmoja. Washkaji wakamcheka sana, wanasema hata Lakers wa NBA waliishia kushinda 33 mfululizo, na mmoja akamalizia kwamba kama hazikuwa mechi za ligi basi hiyo ni ndondo tu. Nani yuko sahihi? Mdau, Upanga

JIBU: Mzee yuko sahihi, mumnunulie soda na mumuombe radhi. Timu yenyewe ni New York Renaissance, watu walikuwa wanaiita Rens, ya Harlem, aliianzisha Bob Douglas mwaka 1923, mtu mweusi mzaliwa wa Saint Kitts kule Karibiani. Nyumbani kwao palikuwa ukumbi wa dansi, yani mechi ikiisha bendi inaendelea na watu wanacheza muziki palepale walipokuwa wanarukiana wachezaji.

Hizo 88 ni za msimu wa 1932-33, na walizipiga ndani ya siku 86. Piga hesabu mwenyewe hapo, ni zaidi ya mechi moja kwa siku, na wachezaji wenyewe walikuwa saba tu! Akina Tarzan Cooper, Fats Jenkins, Wee Willie Smith na wenzao. Waliokuja kuwakatia huo mnyororo ni Original Celtics, timu ya weupe ambayo ndio walikuwa wapinzani wao wakubwa (msiichanganye na Boston Celtics, ni nyingine kabisa).

Sasa hilo la ndondo. Ni kweli hazikuwa za ligi, ila muulize mshkaji wako ligi gani ingewachukua? Ligi kubwa za weupe ziliwafungia mlango, kwahiyo wakabaki kuzunguka na basi mji hadi mji wanacheza na yeyote aliye tayari, kiingilio ndio mshahara. Na miji mingi wakishamaliza kucheza hoteli hazipokei mtu mweusi, migahawa nayo vilevile, basi inabidi warudi kulala mji wenye watu wao hata kama ni kilomita 300 na kitu, kama vile umecheza Korogwe usiku alafu unarudi kulala Dar, na kesho jioni una mechi nyingine. Mimi nikikaa foleni ya Ubungo saa moja tu kesho yake siwezi hata kukimbia.

Na pale walipopewa nafasi ya kugombea kombe walilichukua, 1939 kule Chicago kwenye mashindano ya dunia ya timu za kulipwa, fainali waliwapiga Oshkosh All-Stars 34-25. Timu nzima ipo kwenye jumba la heshima la kikapu tangu 1963. Ndondo gani hiyo.

SWALI: Kwanini matokeo ya zamani yalikuwa madogo hivyo, hawakujua kulenga? Msomaji, Temeke

JIBU: Kulenga walijua. Kwanza mpaka miaka ya 1930 kila likiingia goli mpira unarudishwa kati na kurushwa juu upya, muda unaliwa hapo. Pili hakukuwa na saa ya kuhesabu shambulizi, timu ikishaongoza inapasiana tu mpaka mnasinzia. Hata NBA yenyewe walianza hivyo, tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19-18, mechi nzima hiyo, sio robo. Mashabiki wakachoka, ndio mwaka 1954 ikaja ile sheria ya sekunde 24, yani timu ikipata mpira lazima irushe golini kabla hazijaisha.