Nihame au nivumilie? Maisha na familia ya wenyeji Salamanca

SWALI: Mhariri, naomba ushauri. Nimekuja Salamanca, Hispania, kwa mwaka mmoja wa masomo, na nimepangiwa kuishi na mama mmoja mjane pamoja na binti yake. Wananitunza, lakini wanazungumza kwa kasi na wote kwa pamoja, chakula cha usiku kinaliwa karibu saa nne, na mama huniamrisha, “Kula! Kaa! Vaa kandambili!” bila neno la tafadhali. Nikimaliza kula hukimbilia chumbani. Isitoshe, mimi ni Muislamu. Nilimweleza mama kwamba sili nyama ya nguruwe, hata hivyo juzi nilikuta vipande vya soseji ndani ya dengu. Je, niombe kuhamishiwa kwa familia nyingine? — Msomaji wa kike, Salamanca

JIBU: Dada mpendwa, usihame bado. Katika yote uliyoyaeleza sioni dalili kwamba familia hiyo haikutaki, na kinachonitia wasiwasi zaidi ni huko kukimbilia chumbani. Nitalifikia hilo, lakini nianze na chakula kwa kuwa kinagusa imani yako.

Huko Hispania, mtu akisema hali nyama au hali nguruwe, mpishi wa nyumbani mara nyingi huwaza kipande kikubwa kilichowekwa sahanini. Jamón, ambayo ni paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na chorizo, soseji yenye pilipili nyekundu ya unga, huhesabiwa na wengi kuwa viungo vya kuleta ladha katika dengu, supu na maharage, na ndiyo maana mama aliweza kukupikia kwa moyo safi kabisa kitu ambacho huwezi kukila. Zungumza naye tena, mapema na kwa utulivu, wakati ambapo hakuna sahani mezani, ukivitaja vitu hivyo kimoja kimoja kwa majina yake: cerdo (nguruwe mwenyewe), jamón, chorizo, morcilla (soseji ya damu), tocino (nyama ya mafuta ya nguruwe), pamoja na manteca, yaani mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa. Mweleze kwamba ni katazo la dini, maana asipoelewa hivyo atadhani kwamba huvipendi tu, na atakubembeleza uonje. Kisha mtajie vile vinavyopikwa nyumbani humo ambavyo unavila kwa furaha, kama samaki, mayai, au tortilla ya viazi, yaani mayai yaliyokaangwa pamoja na viazi, ili asijione amepewa mzigo wa kupika chakula cha pili.

Kuhusu saa za kula, utazizoea ukiacha kupambana nazo. Mwaka 1940 serikali ya Jenerali Franco, dikteta aliyeitawala Hispania, ilisogeza saa za nchi mbele kwa saa moja, zikalingana na za Ulaya ya kati, na hazikurudishwa tena. Matokeo yake ni kwamba Salamanca, iliyo upande wa magharibi, si mbali na mpaka wa Ureno, mwezi wa Juni jua huchwa karibu saa nne usiku. Mlo mkuu ni ule wa saa nane au saa tisa mchana, nao huja kwa awamu: sahani ya kwanza ya supu, mboga au dengu, ya pili ya nyama au samaki, kisha matunda. Wageni wengi hushiba kwenye sahani ya kwanza wakidhani ndiyo chakula chote, halafu wanaikataa ya pili, na mwenyeji anaumia. Jipimie kidogo mwanzoni, na jioni kula kitu chepesi kabla ya chakula cha usiku, kama wanavyofanya wenyewe.

Hizo amri zisikuumize. Katika Kihispania cha huko, kumwambia mtu wa nyumbani “kula” au “kaa” ni kauli ya kawaida, na ukali unaousikia haumo moyoni mwa msemaji. Mama anayekuhimiza uvae kandambili anahofia utashikwa na mafua kwa kukanyaga sakafu ya baridi, kama ambavyo angemhofia binti yake.

Sasa nije kwenye mlango wa chumba chako. Katika nyumba nyingi za Hispania watu hawainuki mara tu sahani zinapokwisha; hubaki mezani wakizungumza, pengine kwa muda mrefu kuliko ule wa kula. Mtu anayeondoka kila siku kwa wakati huo huonekana amechukia, au anaumwa, na mwenyeji asiyejua sababu hujilaumu. Nakusihi ubaki, hata kama utaambulia neno moja kati ya kumi. Ikiwa televisheni huwashwa wakati wa chakula, taarifa ya habari ya mchana husomwa saa tisa. Pitia vichwa vya habari mapema kwenye simu, na utakuwa na jambo la kuuliza. Mwombe binti akurudilie maneno polepole, kwa kuwa kumwomba mtu mmoja ni rahisi kuliko kunyamazisha meza nzima. Ondoa sahani yako, uliza zipangwe wapi, na uliza pia mambo ambayo huenda hujayauliza: saa ya kuoga, siku ya kufua, kuleta wageni, na iwapo unatakiwa kutoa taarifa usipokuja kula. Mwenyeji huchukizwa zaidi na chakula kilichopoa kikimsubiri mtu kuliko makosa ya sarufi.

Kuhama kuna sababu zake. Ukinyimwa chakula kilichomo katika mkataba, mtu akiingia chumbani kwako bila ruhusa, ukitukanwa, au nguruwe akiendelea kuwekwa katika chakula chako baada ya maelezo hayo ya wazi, andika siku hiyohiyo kwa ofisi iliyokupangia makazi, ukitaja tarehe na tukio, na usikubali kuambiwa uvumilie.