Ngumi Uliizuia, Uso Ulimwachia Nani?

Nilianza karate Goma nikiwa na miaka 14, kwenye ua wa nyumba moja kule Ndosho, juu ya changarawe ya mawe ya volkeno. Baada ya miaka mitatu nilizijua kinga zote kwa majina ya Kijapani, na bado nilipigwa kila Jumamosi. "Yaya, si nilizuia!" nilimlalamikia mwanafunzi aliyenitangulia (yaya kwetu ni mkubwa wako), mdomo unavuja damu. Akacheka. "Ngumi uliizuia. Uso ulimwachia nani?"

Sasa nawafundisha wadogo, na kosa ni lile lile: mtu anaifukuza ngumi badala ya kulinda mwili wake. Tazama gedan barai, ile kinga ya kufagia chini inayofungua Heian Shodan, mfululizo mmoja wa miondoko iliyopangwa ya karate. Ngumi yako iishie juu ya goti la mbele, kwa kimo cha ngumi mbili hivi. Wengi wanaipitisha mpaka nje ya paja kama mtu anayeswaga mbuzi, tumbo linabaki wazi, na mkono ukishafika huko haurudi kwa wakati. Dawa yangu ilikuwa mlango. Nilisimama katikati ya fremu nikakinga taratibu. Kila nilipozidisha, mbao zilinigonga vidole. Wiki moja ilitosha.

Kinga ya juu, age uke, ina balaa lake. Mkono uwe mbele ya paji la uso, nafasi ya ngumi moja, umeinama kidogo ili pigo liteleze. Ukiulaza kama uliobeba beseni, uzito wote unatua kwenye mfupa. Halafu kuna ule mzunguko wa kigasha, yaani mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo: uzungushe mwishoni, si mwanzoni. Mimi niliuzungusha mapema kwa miezi, na mama alidhani alama zile za zambarau nimezipata kwa kupigana barabarani.

Mkono wa pili usiusahau. Ule unaorudi kiunoni ndio unaosaidia nyonga kugeuka. Ukining'inia tu, kinga inakuwa ya bega peke yake, na bega huchoka haraka.

Kuna jambo la hapa kwetu. Juu ya mawe haya tunafanya mazoezi na viatu, na soli hung'ang'ania chini. Nyonga inageuka, mguu umegoma, goti ndilo linalolipa. Nilichechemea mwezi mzima kabla ya kuelewa. Tafuta baraza la saruji, vua viatu. Kama huna, inua kisigino kidogo ugeuze mguu kwanza. (Kijana mmoja wetu anasukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo; msimamo wake ni imara kuliko wangu, na sikumfundisha mimi.)

Kuhusu mwenzako wa mazoezi: mwambie alenge kweli, hata kama ni polepole. Juzi nilimwambia mdogo mmoja asikinge, asimame tu. Ngumi ya mwenzake ikaishia shibiri nzima mbele ya kifua chake. Wakatazamana. Wiki mbili zote walikuwa wakikinga upepo.